Mwaka Nilioitwa Mdomo wa Elinami

Juma lililopita tulimzika baba mdogo. Nilikuwa nimeketi kwenye viti vya wafiwa nikisikiliza wasifu wake ukisomwa kwenye kipaza sauti, na msomaji alipofika pale panaposema kwamba marehemu "alimlea Elinami, mtoto mlemavu wa kaka yake, akampa makazi na kazi, akawa mfano wa upendo kwa wanyonge," nilikaribia kupiga kelele. Alimlea! Elinami ni kaka yangu, amenizidi miaka minne, ana mvi kichwa kizima, na nyumba anayolala ameijenga mwenyewe jiwe kwa jiwe. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, na mchungaji naye akatikisa. Halafu Samweli, mtoto mkubwa wa marehemu, akanijia kwa nyuma, akainama sikioni kwangu, akaniomba kwa adabu kabisa nimlete Elinami mbele atoe neno la shukrani kwa marehemu, mimi nitafsiri. "Dada, si wewe ndiye mdomo wake tangu zamani?" akasema. Nikainuka. Nitaeleza nilichofanya baada ya kuinuka, lakini kwanza niueleze mwaka mmoja wa ujana wangu, maana bila mwaka huo mtaniona mwanamke mzima asiye na haya msibani.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri majibu. Kijiji chetu kiko juu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Chome, na asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka sebuleni kama mtu wa nyumbani. Sebule yenyewe ilikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma ambavyo mama alituzuia kuviegemea, meza moja fupi, na ukuta wa mbao uliotutenganisha na chumba cha baba. Jiko lilikuwa nje, na chungu cha makande kiliinjikwa tangu alfajiri, hivyo nyumba nzima ilinuka maharage mpaka saa saba mchana. Tulikula makande na parachichi, Elinami akila kwa haraka, bakuli lake akalifuta kwa kidole na kulisukuma kwa mama, maana yake niongezee. Mama aliielewa ishara hiyo, na nyingine za njoo, lala, mvua, ng'ombe. Baba alielewa chache zaidi. Lugha nzima ya Elinami, yenye jana na kesho na ugomvi na utani, niliijua mimi peke yangu, kwa sababu tuliitunga wawili tukichunga mbuzi. Mimi nilikuwa kidole kwenye nyusi, kwa sababu ya kovu langu. Baba mdogo alikuwa vidole viwili juu ya mfuko wa shati, maana hakuwahi kutoka bila kalamu mfukoni. Mwizi alikuwa mkono wa kulia unaopenya chini ya kwapa la kushoto.

Kijijini walimwita bubu. Neno hilo linanichoma mpaka leo. Elinami hakusikia, kweli, lakini maneno alikuwa nayo, tena mengi, na mengine makali. Alikuwa mbishi, mcheshi, mwepesi wa kukasirika. Aliweza kumwiga kila mzee wa kanisa anavyotembea, nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Watu walipotaka kumwambia kitu waliniambia mimi, na mimi nilipofikisha na kurudisha jibu walinisifu mimi, wakaniita mdomo wa Elinami. Nilivimba kichwa. Nilijiona malaika wa nyumba ile, msichana mwenye moyo mzuri anayemtumikia ndugu yake, na kusema kweli nilizipenda sifa hizo kuliko nilivyopenda kazi yenyewe. Siku wanafunzi wenzangu walipokuja kanisani kwetu, Elinami akafurahi kuniona nao akatoa sauti yake nene katikati ya sala, nilijitia hamnazo kana kwamba simfahamu. Alinigusa bega mara mbili. Sikugeuka.

Sasa niwaeleze ndiva, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Ndiva ni bwawa letu la kuta za udongo na mawe, linalokinga maji ya mto usiku kucha, yakafunguliwa alfajiri kwenda mashambani kwa mfereji, kila familia siku yake. Kazi ya kulitoa tope na kuziba nyufa ilifanywa na wote, na kazi hiyo tunaiita msaragambo. Pembe ikipulizwa kilimani, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na asiyefika anatozwa jogoo. Jioni, kabla watu hawajatawanyika, katibu wa ndiva alisimama juu ya ukuta akasoma majina, na kila mtu aliitikia kwa kinywa chake mwenyewe: "Nipo." Ndiyo ilikuwa sheria. Iliwekwa zamani ili ndugu wasiitikiane huku wenzao wamejilalia nyumbani. Na mtu asiyeitikia misimu mitatu mfululizo hawezi kurithi zamu ya maji. Mtaona tatizo liko wapi. Elinami hakuisikia pembe, lakini alitazama mlango wa jirani, na jirani akitoka na jembe yeye alikuwa ameshafika njia panda. Alikuwa wa kwanza kushuka topeni na wa mwisho kutoka. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa ndiva akatuonyesha ufa uko wapi, akachimba, na kweli tukaukuta. Ukuta wa upande wa chini, ule uliosimama miaka yote hii, mawe yake aliyapanga yeye. Halafu jioni katibu alisoma "Elinami," kimya, akasoma tena, kimya, na Elinami amesimama mbele yake na tope mpaka magotini. Msimu mmoja niliitikia kwa niaba yake, katibu akaniambia mtu ajiitikie mwenyewe. Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Msimu uliofuata katibu akaliacha jina lake kabisa, asipoteze muda.

Mwaka huo mvua za vuli hazikuja vizuri na kila tone lilikuwa na mwenyewe. Baba alikuwa mgonjwa wa kifua, hawezi tena kupanda mpaka ndivani, kwa hiyo zamu yetu ilibidi ipate mwenye jina jipya. Elinami ndiye aliyelima shamba, akapanda maharage nusu na viazi nusu, na akili yake yote ilikuwa kwenye shamba lile. Hakutaka kingine duniani. Baba mdogo alikuwa na duka na nyumba Same mjini, lakini shamba lake la kabichi lilikuwa juu ya letu kwenye mfereji uleule. Asubuhi moja ya siku yetu ya maji, Elinami alinijia jikoni akanifungulia viganja viwili vilivyojaa udongo. Kiganja kimoja udongo mkavu wa shamba letu, kingine tope bichi la shamba la baba mdogo, siku ambayo haikuwa yake. Vidole viwili mfukoni, mkono kwapani. Akarudia. Nikapanda naye mpaka mferejini, nikaona kwa macho yangu, hakuna wa kunidanganya: baba mdogo alikuwa anayachepusha maji yetu saa nne, sisi tukiwa tumeshuka kunywa chai, kisha anapaziba kabla hatujarudi. Elinami akaniambia nimwambie baba. Nikamwambia nitamwambia. Nikakaa kimya.

Nilikaa kimya kwa sababu siku mbili kabla, nikiwa sebuleni nashona kitambaa, niliwasikia kupitia ukuta wa mbao. Baba mdogo alikuja kumjulia hali baba, na baada ya pole na dawa akaingia kwenye lililomleta. Alisema jina la bubu haliwezi kusimama kwenye zamu, watu watatucheka, na sheria ya kuitikia iko pale tangu babu zetu. Afadhali zamu iandikwe kwake yeye, amsimamie kijana, maji yatafika kama kawaida. Baba akakohoa sana kabla ya kujibu. Akasema Elinami ndiye anayelima. Baba mdogo akasema ndiyo, ataendelea kulima, nani amemzuia? Kisha akashusha sauti, lakini mbao zile hazikuzuia kitu: akasema na huyu binti akifaulu kwenda chuo cha ualimu, chumba kipo kwangu Same, atakaa na wanangu, atakula na wanangu, wewe usiwe na shaka. Sindano ilinichoma kidole. Nilikuwa nimeuota mji ule miaka yote nikiutazama ukimeta chini huko tambarare, mabati yake na barabara yake kuu. Chumba kipo. Nilimeza maneno hayo kama mtu mwenye njaa, na udongo ule wa viganja viwili ulipokuja, nilikuwa nimeshashiba.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwetu. Alikuwepo mwenyekiti wa ndiva, katibu wake, baba mdogo na baba. Mama alikuwa jikoni nje. Mimi nilipeleka makande, nikapeleka chai, na nilipotaka kutoka mwenyekiti akaniambia nibaki, kwa vile jambo linamhusu kaka yangu na lazima na yeye asikilizwe, wao si watu wa kuonea mtu. Nakumbuka alivyolisema hilo akiwa anatafuta punje ya mahindi mdomoni kwa ulimi. Elinami alikuja amenawa, amevaa shati la Krismasi, amelifunga mpaka kifungo cha shingoni. Akasimama. Nikamweleza kwa mikono kwamba wanauliza kama anakubali zamu ishikwe na baba mdogo. Naye akajibu, na alichosema nakijua kwa kichwa hata leo. Alisema: Hapana. Huyu ni mwizi wa maji, muulizeni udongo wake. Wewe mwenyekiti unajua na umefumba macho kwa sababu ya kabichi anazokuletea. Ukuta wa ndiva nimeujenga mimi. Nataka jina langu lisomwe, na likisomwa mtu anishike bega, nami nitainua jembe juu, wote mtaona kwamba nipo. Basi. Alitaka kuguswa bega tu, jamani! Angalieni jinsi lilivyokuwa jambo dogo. Alipomaliza akanitazama, nami nikaigeukia ile meza.

Nikasema, "Anasema anashukuru. Anasema yeye hawezi mambo ya vikao, baba mdogo amsimamie."

Mwenyekiti akatabasamu, akainuka akampigapiga Elinami mgongoni, akasema kijana huyu ana hekima kuliko wengi wenye ndimi. Katibu akacheka kwa furaha. Baba mdogo akachukua birika kwa mkono wake mwenyewe akammiminia Elinami chai, akaongeza sukari vijiko vitatu. Baba alikuwa anatazama miguu yake, na kama aliuona ule mkono uliopita chini ya kwapa, hakuwahi kuniambia. Elinami alikipokea kikombe. Akawatazama mmoja mmoja, taratibu, kisha akanitazama mimi, akaweka kikombe mezani bila kunywa, akatoka. Nilidhani ametoka kwa sababu ya aibu ya wageni. Nilidhani nitamtungia kisa jioni, nimwambie nilisema kila kitu ila wamekataa. Nikamtungia kweli. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufunga mbuzi.

Maharage yalikauka yakiwa na maua. Maji yaliyofika kwetu yalikuwa ya mkia, yale yanayobaki baba mdogo akishashiba, na Elinami alibeba kwa ndoo kutoka mtoni mpaka mabega yakachubuka, akaokoa matuta mawili ya viazi. Majibu yalitoka, nikafaulu. Nikashuka Same na begi langu, nikapewa chumba chenye dirisha la vioo, nikala wali wa Jumapili na watoto wa baba mdogo, Samweli akiwa bado mdogo nikimwogesha. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa watu kusema kweli miaka thelathini na zaidi, tena nikawachapa waliodanganya. Kila nilipopanda nyumbani nilimpelekea Elinami shati, viatu, redio ya mkononi siku moja kwa upumbavu wangu, akaicheka mpaka machozi. Alinipokea vizuri. Tuliongea ya mbuzi, ya mawe, ya nani kafa. Ila tangu Jumapili ile hakunipa tena neno lolote la kumpelekea mtu. Alichora ardhini kwa kijiti, alionyesha kwa kidole, alimshika mtu mkono akampeleka kwenye jambo lenyewe. Nikajiambia amekua, hanihitaji. Watu nao waliendelea kuniita mdomo wake, na mimi, mtu mzima na akili zangu, sikuwahi kuwakatalia.

Basi nikainuka msibani. Elinami alikuwa amesimama kando, karibu na kaburi, na chepe mkononi, kwa maana yeye ndiye aliyeongoza uchimbaji. Kumchimbia mtu yule kaburi zuri namna ile, pembe zake zimenyooka! Nikamweleza kwa mikono kwamba wanataka atoe shukrani. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: Na wewe utawaambia nini? Nikajifanya sijaelewa. Akalisimamisha chepe kwenye udongo, akaufungua mwaka ule mbele yangu kwa vidole vyake vilivyokakamaa, bila hasira, kama anayesimulia habari ya jirani. Jumapili ile nilimwita mwizi, alisema. Mwenyekiti nilimwambia analishwa kabichi. Wewe ukafungua mdomo, na wote wakatabasamu. Mmoja akanipigapiga mgongo. Mwizi mwenyewe akanimiminia chai. Mtu ukimwita mwizi hakumiminii chai.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii, hata siku moja. Akagusa midomo yake, akanielekezea kidole kwenye nyusi, kwenye kovu langu, akauliza: Ningemwambia nani?

Nilitaka kulia nikaona sina haki hiyo. Hasira niliyokuwa nayo juu ya wasifu ule ilinigeukia mwenyewe, kisha ikatoka tena nje, kubwa zaidi, na sioni aibu kusema ilinisaidia kusimama. Nilijua pia kwamba ile zamu bado ilikuwa kwa jina la marehemu, na kwamba matanga yakiisha wanandiva watakaa na Samweli, mtu wa duka Same asiyejua jembe linashikwa wapi, wampe. Nikamuuliza Elinami, niseme nini? Akajibu: Yaleyale.

Nikakishika kipaza sauti. Nikasema nimeombwa kutafsiri maneno ya kaka yangu, na kwamba maneno haya aliyasema zamani, nikayaficha ili nipate chumba cha kulala mjini, kwa hiyo anayetaka kunikasirikia mimi ana haki na ajipange. Nikayasema. Marehemu alikuwa mwizi wa maji. Mwenyekiti wa wakati ule alijua. Ukuta wa ndiva ni wa Elinami. Hakulelewa na mtu, alinyang'anywa. Anataka jina lake lisomwe. Samweli alikuja mbio, akaniambia kwa meno yaliyofungana, "Dada, kaa chini, unatuaibisha." Nikamwambia asubiri sijamaliza. Wamama walishika vichwa, katibu wa sasa wa ndiva alikunja uso, mchungaji aliinamia kitabu chake akawa anatafuta ukurasa usiokuwepo, na vijana nyuma walianza kunong'onezana na kuangaliana vibaya.

Elinami hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama nyuso. Alizipitia zote, moja baada ya moja, kwa makini yaleyale ya kutafuta ufa, akafika kwa Samweli aliyekuwa amevimba kwa hasira, akatulia hapo. Hakuna aliyetabasamu. Hapo ndipo akanigeukia, akaitikia kwa kichwa.

Nikalitaja jina lake kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya katibu, mara moja tu, kisha nikamshika bega. Akainua chepe.